Kisima Chini ya Sabufa

Kwa miaka yote ya kazi yangu nimekalia viti vya watu wengine. Nikiingia nyumbani kwa mtu, baada ya salamu na kabla ya chai, swali langu la kwanza lilikuwa moja: mwenye nyumba hukaa wapi akiangalia televisheni? Nikionyeshwa naketi hapohapo, najiegemeza kama yeye, ndipo naanza kusikiliza. Wanaume wengine hawakupenda. Mmoja wa hapa Masasi alikifuta kiti kwa kitambaa baada ya mimi kuinuka. Nikaona, naye akaona kuwa nimeona, tukaendelea na kazi.

Sasa nimefunga kibanda changu cha karibu na stendi, na ninyi vijana mliobaki na kazi hii mmeniomba niwaandikie niliyoyapitia. Naandika, lakini mjue mapema kuwa mimi ni mtu wa wasiwasi. Wapo mafundi wanaolala fofofo wakishamaliza kazi. Mimi nikimaliza kazi ndipo naanza kuifikiria. Binti yangu Hawa husema nikifa nitarudi kuangalia kama kaburi limefukiwa vizuri.

Aliyenifundisha ni Mjomba Athumani, kaka yake mama. Kwetu neno la mjomba lina uzito, ndiyo maana aliposema mtoto huyu wa kike ataingia kwenye ufundi wa redio, baba yangu alikohoa tu. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa bisibisi. Nilipewa betri ya tochi, spika chakavu na vipande viwili vya waya. "Gusisha," akasema. Nikagusisha, na ile karatasi ya spika ikaruka mbele. "Geuza betri." Nikageuza, ikarudi nyuma. Akaniambia hapo ndipo ugomvi wa spika unapoanzia: moja ikisukuma huku mwenzake inavuta, zinamalizana, na mwenye nyumba ataona muziki umekonda asijue sababu. Nilishinda kutwa nikigusisha na kugeuza, nikihofia kwamba nimeiharibu mali ya watu. Jioni nilipomwambia hofu yangu alicheka mpaka akakaa chini. Spika yenyewe aliiokota jalalani.

Wakati ule kazi ilikuwa redio za kaseti. Sabufa zilikuja baadaye, na baada ya sabufa zikaja hizi hom thieta: risiva, yaani lile sanduku zito linalogawa sauti, pamoja na spika zake. Moja ya katikati kwa ajili ya maneno ya watu, mbili za mbele, mbili za nyuma, na sabufa ya besi. Ikiwa mpya huja na kipaza sauti kidogo. Ukikiweka kwenye kiti, mashine inajipima yenyewe. Zinazofika kwetu zimeshatumiwa kwingine, na hicho kipaza huwa kimebaki hukohuko, na mara nyingine rimoti imebaki nacho. Kwa hiyo sisi tulipima kwa mkono. Vifaa vyangu vilikuwa futi, betri, tochi, tepu nyeusi, na kipimo cha sauti ambacho Mjomba alikileta kutoka Dar es Salaam amekifunga kwenye leso. Alikuwa hakishiki mpaka anawe mikono.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unapima kwa futi kutoka kwenye kiti mpaka kila spika, unaingiza umbali huo kwenye risiva ili sauti zote zifike sikioni kwa pamoja. Kisha unawasha sauti ya majaribio, ile inayochakacha kama mchele unaopepetwa, ikipita spika moja baada ya nyingine. Unashika kipimo usawa wa masikio ya mkaaji, unapunguza spika inayopayuka, unaongeza inayonong'ona, mpaka zote zisome sawa. Mwisho unaweka mpaka, kwamba sauti nzito za chini ya hapa ziende kwa sabufa na nyingine zibaki kwa wenzake. Mwenye subira yeyote anaweza. Kinachosumbua ni nyumba.

Nyumba iliyonifundisha hilo ilikuwa Mkomaindo, hapahapa Masasi. Nilipima vizuri, kila spika ikasoma sawa, nikaondoka kifua mbele. Siku ya pili nikaitwa: watu kwenye filamu wanaongea kama wamejifunika blanketi. Nikaenda mbio, nikikagua waya kichwani njia nzima. Nilipofika nikakuta kila spika imevishwa kitambaa cha kufuma, chenye maua na pindo, na ile ya katikati imevishwa viwili. Kumbe mama wa nyumba alikuwa ameviondoa kwa heshima ya fundi, na fundi alipotoka akavirudisha.

"Sasa spika zikae uchi sebuleni, Mama Hawa?" akaniuliza. "Wageni wataonaje?"

Nikapima upya vitambaa vikiwa mahali pake. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa maswali. Pazia hufungwa au huachwa wazi? Zulia hukunjwa wageni wakija? Mlango wa uani? Wanakaa wangapi, na watoto hukaa chini? Niliuliza mpaka watu wakachoka, nikawaambia kuuliza si ujinga. Niliamini nyumba haina tena cha kunificha. Ndipo nikaitwa Newala.

Ulikuwa mwezi wa tisa. Aliyeniita ni Baba Tabia, mfanyabiashara wa korosho, na aliniita kwa simu kwa sababu mwenyewe alikuwa Mtwara. Alitaka akirudi akute muziki umekaa sawa, ana wageni wake. Nikapanda gari asubuhi, tukaiacha milima ya mawe ya Masasi nyuma, tukapanda mpaka juu kwenye baridi ya Newala. Nilipokelewa na mkewe, Mama Tabia, mwanamke mcheshi, na mama yake mzazi, Bi Fatu. Kiwanja kile ni cha Bi Fatu. Mkwe ndiye aliyehamia hapo, kama ilivyo kawaida ya Wamakonde wengi, akaikuta nyumba ndogo, akaitanua, akaweka marumaru na sebule ya kupokea wageni.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa makelele?"

Mnaoishi huku chini mnafungua bomba, basi. Kule juu maji ya ardhini yako mbali mno. Wenyewe huchimba shimo kubwa, wakalipiga saruji ndani, na mvua yote inayoangukia bati la nyumba hupita kwenye mfereji ikaingia humo. Mvua ikikata, hayo ndiyo maji yenu mpaka ije nyingine, mwezi wa kumi na mbili Mungu akipenda. Kisima cha Bi Fatu alikichimba yeye na marehemu mumewe. Mdomo wake ulikuwa uani, una mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga. Wao walikunywa humo, na majirani kadhaa ambao visima vyao vilikuwa vimekauka walichota humo kila asubuhi. Yote hayo nilielezwa wakati wa chai. Nisichoelezwa, kwa kuwa kila mtu wa nyumba ile alikijua tangu zamani, ni kwamba Baba Tabia alipoitanua nyumba, sebule ilipanda juu ya tumbo la kisima. Mdomo ulibaki nje, tumbo likawa chini ya marumaru. Niliuliza mapazia, zulia na watoto. Chini ya sakafu sikuuliza.

Kutwa ya kwanza nilipima spika tano, zikakaa. Siku ya pili ikawa zamu ya sabufa. Kwenye kiti cha Baba Tabia besi ilikuwa haipo kabisa, na ukisogea hatua moja inakupiga kifuani. Kwa tatizo hilo Mjomba alinifundisha dawa: iweke sabufa yenyewe juu ya kiti cha mwenye nyumba, iache ipige, halafu tambaa sebule nzima kwa magoti ukisikiliza. Mahali utakapoisikia nzuri kuliko kwingine, hapo ndipo pa kuiweka. Nikafunga kanga kiunoni, nikatambaa.

"Mama Hawa, umedondosha nini?" Mama Tabia akauliza kutoka mlangoni, anacheka.

"Natafuta besi."

"Ukiipata uniite nami niione."

Niliipata kwenye pembe ya kulia. Wanangu, sijawahi kusikia besi ya namna ile katika nyumba ya mtu, nene, ya kina, inatoka chini kabisa. Nilifurahi. Mimi mwenye wasiwasi wa kila kitu, siku hiyo sikujiuliza kwa nini pembe tupu ya sebule inaimba hivyo. Nikahamishia sabufa pale, nikarudi kitini na kipimo mkononi, nikaanza kupitisha sauti nzito kutoka juu kushuka chini polepole. Mahali fulani katika kushuka, kipimo kikaruka chenyewe na sakafu ikatetemeka chini ya nyayo zangu. Kisha nikasikia pwaa, kitu kizito kimeangukia maji.

Nikazima. Halafu sauti ya Bi Fatu ikaja kutoka uani, haina haraka:

"Nani yumo kisimani kwangu?"

Mama Tabia hakuwa akicheka tena. Ndiye aliyeniambia, kwa kunong'ona, sebule imekaa juu ya nini. Tulitoka uani, Bi Fatu akafungua kufuli, nikamulika na tochi yangu. Ukutani, karibu na usawa wa maji, lipu ilikuwa imebanduka kipande cha ukubwa wa sinia, na kutoka hapo ufa ulishuka ukaingia majini.

"Bibi, ni mimi," nikasema. "Ni hiyo besi yangu."

"Nimesikia kuwa ni wewe. Lete mwanzi."

Mwanzi ule ulikuwa mrefu, wa kupimia. Aliusimamisha mpaka chini, akauvuta, akachora alama kwa mkaa pale maji yalipoishia. "Leo hachoti mtu," akasema, akafunga. Tuliketi kivulini. Sikuweza kula. Niliwaza yale maji yakipita kwenye ufa bila sauti, yakinywewa na mchanga, na wale akina mama wa asubuhi wakija na ndoo zao kwenye shimo kavu, miezi mitatu kabla ya mvua. Alasiri tukapima tena. Alama ya mkaa ilikuwa juu ya maji kwa upana wa kidole. Hakuna aliyechota.

Fundi muashi aliishi jirani, akaja na nyundo yake. Nilimuuliza kama ufa ni mpya au ni wa zamani, nikitaka sana aseme wa zamani.

"Mama, ufa hauna cheti cha kuzaliwa," akanijibu. Akaendelea kusema kuwa ndani ya maji hawezi kupiga lipu. Maji yashushwe mpaka chini ya ufa, azibe, iachwe ikauke siku kadhaa, ndipo yarudi.

"Yashushwe yaende wapi?" Mama Tabia akauliza. Mapipa ya nyumba yale yangebeba sehemu ndogo tu.

Bi Fatu alimwambia bintiye kwa ufupi: "Waite." Nao wakaitwa, akina mama wa mtaa mzima, wenye kuchota pale na wasiochota. Akawaeleza kuwa kisima kinaumwa. Kila mmoja amchukulie maji anayoweza, amtunzie, ayarudishe atakapoitwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale yalikuwa yanamwagika tukiwa tunatazama. Wakaanza kuyateka siku hiyohiyo, ndoo, madumu, masufuria, hata karai la kuoshea mtoto.

Hapo wasiwasi wangu ukapata mtoto. Nyumba zile zilikuwa na kiu. Nani anaweka ndoo ya maji pembeni ya kitanda mwezi wa tisa, watoto wanalia, asiguse? Nilitoa tepu yangu nyeusi nikasema tuweke alama kwenye madumu, tujue kila mtu kachukua kiasi gani. Bi Fatu alinitazama mpaka nikairudisha mfukoni.

"Nangu kisima changu nakijua," akasema, maana yake yeye mwenyewe anakijua, "na watu wangu nawajua. Wewe jua spika."

Siku zile za kungoja lipu ikauke sikurudi Masasi. Ningerudije? Baba Tabia alipiga simu kila jioni kuuliza kama muziki uko tayari, na mkewe alimjibu, "Bado, fundi anapima." Hakusema uongo. Nilikuwa napima lipu kwa macho, napima mawingu, napima nyuso za majirani nikipita barabarani. Nikiona mtoto anakunywa maji kibarazani najiuliza ni ya nani, kisha naona haya. Usiku nasikia lile pwaa.

Muashi aliporidhika, wakaitwa. Walikuja asubuhi, mmoja mmoja, wengine wawili wawili, kila mmoja akimimina na kwenda zake. Mwingine alileta pungufu akasema wazi, "Mama, mengine tuliyapikia." Mwingine alileta ndoo iliyojaa pomoni akadai ndiyo aliyochukua, nami nilikumbuka kuwa alichukua nusu ndoo. Walipokwisha, Bi Fatu akatia mwanzi. Maji yalikuwa chini ya alama kwa kiganja kizima. Nilimtazama usoni, nikingoja.

"Wamekunywa," akasema. "Ningekuwa mimi ningekunywa pia."

Sabufa niliihamishia ukuta wa mbali, upande wa nyumba ya zamani penye udongo mtupu chini, nikaiinua juu ya vipande vya mpira wa gurudumu, nikakata zile sauti za chini kabisa kwenye risiva zisitoke hata mtu akiongeza vipi. Kwenye kiti cha Baba Tabia besi ikawa nyembamba, naapa ndiyo kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kumkabidhi mtu kwa hiari yangu. Alirudi siku iliyofuata, akakaa, akasikiliza, akakunja uso.

"Mama Hawa, mbona besi haipo?"

Nilifungua mdomo nijieleze. Bi Fatu, aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua mbaazi, alinitangulia bila kuinua kichwa. "Ipo, baba. Imekwenda kutafuta maji."

Baba Tabia alipoelezwa yote alikwenda uani, akakitazama kisima kwa muda, akarudi na kuniambia sauti inatosha.

Nikarudi Masasi, lakini nusu yangu ilibaki kule. Lipu mpya inaweza kushika ikiwa kavu ikaachia ikibeba maji, hilo muashi alilisema na sikulisahau. Kila Ijumaa nilimpigia Mama Tabia kuuliza mwanzi unasemaje. Alinijibu kwa viganja, na viganja vilipungua, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema ni vya kunywa au vya kuvuja. Mwezi wa kumi ukapita. Wa kumi na moja ukapita na mawingu ya kudanganya. Nyumbani Hawa alinikuta mara nyingi nimekaa kitandani sina usingizi, akanipigia kelele nilale, nikajilaza, nikaendelea kuhesabu. Kazi zilikuja nikazikataa. Ukiniuliza niliacha ufundi lini, niliacha miezi ile, ingawa kibanda kilikuwa wazi.

Mtakaofuata, ulizeni kilicho chini ya sakafu. Ulizeni hata kama mtachekwa, na hata kama mwenye nyumba anasema hakuna kitu, maana mtu hakioni tena kitu alichokanyaga miaka yote.

Basi, nilikuwa kibandani nakunja waya, simu ikaita, namba ya Mama Tabia, na siku yenyewe haikuwa Ijumaa. Nikajua limetokea. "Kimepasuka?" nikauliza kabla ya salamu. Hakujibu mtu. Nikasikia mvua kwenye bati, nzito, ya kumwaga. Kisha sauti ikabadilika, simu imesogezwa, na sasa nikasikia maji yakitoka kwenye mfereji na kuanguka ndani. Nikabana simu sikioni, nikaziba sikio la pili kwa kidole. Maji yakianguka kwenye saruji kavu hupiga kofi. Haya hayakupiga kofi. Yalikuwa yanaangukia maji wenzao, na maji yenyewe yalikuwa na kina.

"Umesikia?" Ilikuwa sauti ya Bi Fatu.

"Nimesikia, Bibi. Yamebaki. Lipu imeshika."

"Basi kalale."

Ilikuwa saa nane mchana. Nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani, nikalala.